Karatasi ya mazoezi ya mkono wa binti yangu imekuwa vita ya kila jioni

FundiSindano aliuliza:

Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani na kazi yangu naifanyia nyumbani, chumba cha mbele. Nalisema mapema kwa sababu mimi ndiye ninayeshinda na mtoto, na pia kwa sababu swali langu litaishia kwenye vifungo.

Binti yetu ana miaka 6. Ana mtindio wa ubongo wa upande mmoja, wa kushoto. Anatembea, anakimbia kwa kuchechemea kidogo, na kwa maneno anatushinda wote humu ndani. Shida kubwa ni mkono. Kiwiko hujikunja, kiganja hufumba, kidole gumba huingia ndani ya ngumi. Akitulia anaufungua mwenyewe, polepole. Akiwa na haraka ndiyo unakaza zaidi. Basi amezoea kuishi na mkono wa kulia tu. Kitu kikihitaji mkono wa pili anakibana kwa kidevu, kwa meno au katikati ya magoti, na anafanya kwa ufundi kiasi kwamba mgeni hawezi kujua kuna kinachokosekana.

Tunampeleka kwa mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayewasaidia watoto kuweza shughuli za kila siku kama kuvaa. Kule mambo ni mazuri: anacheza, anacheka, mkono unafanya kazi mpaka nashangaa. Kila tukitoka tunapewa karatasi ya mazoezi ya nyumbani. Ya sasa ina mazoezi 12. Kunyoosha kiganja, kuhamisha shanga kutoka kikombe hiki kwenda kile, kubana vibanio vya nguo ukingoni mwa kopo, kuviringisha udongo, kuchana karatasi, kufunga na kufungua vifungo mara 10, na kadhalika. Yote kila siku.

Jioni nikiitoa ile karatasi droo tu, uso unabadilika. Kiu inamshika. Choo kinamwita. Mdoli anaumwa ghafla na lazima auguzwe. Tukifika zoezi la nne mimi nimeshapandisha sauti na yeye ameshakunja mkono kifuani. Juzi akaniuliza, "Baba, mbona ukikaa na mimi unautazama mkono tu?" Nilikosa la kumjibu.

Mama yake anarudi kazini amechoka, anasema tumwache, atafanyia kliniki. Mama mkwe wangu, ambaye asubuhi anatusaidia kumwandaa kwenda shule, anamvalisha kila kitu, kufumba na kufumbua mtoto yuko mlangoni. Na hapa ndipo kwenye vifungo. Nilimshonea kitambaa cha mazoezi: kipande kigumu chenye vifungo 6 vya ukubwa tofauti na matundu safi (sijisifu, ndiyo kazi yangu). Anavifunga vyote. Lakini shati lake la shule hajawahi kufunga hata kifungo kimoja. Hata hajaribu. Analisimamia tu hivi, anasubiri bibi yake.

Kwa hiyo nauliza. Ni lazima yote 12 kila siku, au kuna watu wanachagua? Inakuwaje mtoto aweze kifungo cha mezani, cha mwilini kimshinde? Na ule mkono ukifumba mnaufunguaje, maana nikivuta vidole ni kama nimeuambia ukaze?

---

MamaKelele alijibu:

Pole baba, na hongera kwa kushinda naye. Wangu ni mvulana, upande wa kulia ndio dhaifu, sasa ana miaka 15 na ananipita urefu. Hayo ya mdoli kuumwa tuliyapitia yote, ila kwetu alikuwa dinosaria.

Nianze na lile swali alilokuuliza, kwa sababu ni kubwa kuliko karatasi. Mtoto akishaona kwamba kila mzazi akikaa karibu yake kuna kitu kinakaguliwa, ataanza kukwepa kukaa na wewe, si kukwepa mazoezi. Sisi tulikubaliana ndani ya nyumba kwamba kuna nyakati mkono hauguswi wala hautajwi. Hadithi kabla ya kulala, kwa mfano. Ashike kitabu anavyotaka, hata kwa miguu.

Neno "tumia mkono wako mwingine" nililifuta kabisa. Nilikuwa nikilisema, mkono unaingia mfukoni. Badala yake nikaanza kutafuta shughuli ambazo mkono mmoja hauwezi hata ukiwa hodari vipi, ili shughuli yenyewe ndiyo iombe, si mimi. Beseni la nguo mbichi: halibebeki kwa mkono mmoja. Kukunja shuka na mtu wa pili: unashika pembe mbili au shuka linaanguka mnacheka. Kukamua kitambaa cha kuogea. Dawa ya meno, mkono dhaifu unashika tyubu, ule mwingine unazungusha kifuniko. Kufungua chupa ya maji yake mwenyewe. Hakuna hata kimoja hapo nilichokiita zoezi, na wala sikuhesabu mara ngapi.

Kuhusu 12, rudi kwa mtaalamu wenu umwambie kweli. Wengi wazazi tunaogopa, tukiulizwa "mnafanya?" tunasema ndiyo, basi karatasi inazidi kurefuka kwa sababu mtaalamu anadhani mambo yanakwenda. Mwambie: tunaweza mawili au matatu, tuchagulie yapi. Atachagua. Na muulize mtoto pia anataka nini. Wangu alitaka baiskeli, si kingine. Usukani wa baiskeli una mishikio miwili, breki mbili. Ule mkono ulifanya kazi kwa ajili ya baiskeli kuliko ulivyowahi kufanya kwa ajili ya shanga.

Asubuhi ya shule usifundishe kitu kipya. Fundisha Jumamosi, au jioni wakati wa kuvua nguo. Kuvua ni rahisi kuliko kuvaa na hakuna basi linalosubiri.

---

Mgeni_Mpya88 alijibu:

Mfunge ule mkono mzima kwa kitambaa siku nzima, atalazimika kuutumia huo mwingine. Niliona kwenye video, inafanya kazi haraka.

---

TibaKazi_Mstaafu alijibu:

Ndugu FundiSindano, nilifanya kazi hii na watoto miaka mingi kabla sijastaafu. Simjui mtoto wako, kwa hiyo yanayofuata ni ya kwenda kuyajadili na mtaalamu wake, si ya kumpita.

Naanzia kwa mchangiaji aliyetangulia kabla hujachukua kitambaa. Njia hiyo ipo na ina jina lake katika tiba: mkono wenye nguvu huzuiwa kwa glavu au kifuko, kwa saa zilizopangwa, huku mtoto akipewa michezo iliyopimwa ili mkono dhaifu ushinde mara nyingi kuliko kushindwa. Kumfunga mtoto siku nzima bila mpango ni jambo jingine kabisa. Akijikwaa hana mkono wa kujikingia, na anachojifunza ni kwamba hawezi chochote. Tena, tafiti zilizolinganisha njia hiyo na mazoezi ya mikono miwili pamoja zimeonyesha matokeo yanayokaribiana saa zikiwa sawa. Kwa hiyo mabeseni na mashuka ya MamaKelele si ya kudharau.

Sasa idadi. Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Pediatrics, watoto 36 wenye mtindio wa ubongo, uliopima hasa programu za tiba kazi za nyumbani. Waliofanya programu kwa wiki 8 waliendelea vizuri kuliko wasiopewa programu. Angalia kiasi walichofanya wazazi wale: wastani wa mara 17.5 kwa mwezi, kama dakika 16.5 kila mara. Si kila siku, na si saa nzima. Lakini kuna jambo ambalo watu hulisahau wakiutaja: programu zile zilijengwa juu ya malengo ambayo familia yenyewe iliyachagua. Hazikuwa orodha ya mazoezi kwa ajili ya mazoezi. Mazoezi 12 yanayoishia kwa kelele za baba si lazima yashinde robo saa ya kitu kimoja ambacho mtoto anakitaka.

Kuhusu kuufungua mkono. Uliyoyaona ni sahihi kabisa, na yana sababu. Misuli yenye mkazo wa aina hii hukasirikia mwendo wa haraka: ukiivuta ghafla inakaza, ukienda taratibu inalegea. Ndiyo maana haraka, baridi, woga na sauti ya juu vyote vinaonekana kwenye ngumi. Usivute ncha za vidole. Kwanza kunja kifundo cha mkono taratibu kuelekea chini, upande wa kiganja. Kifundo kikikunjwa hivyo, kano za vidole zinapata nafasi na vidole vinalegea vyenyewe. Halafu shika kidole gumba kwenye shina lake, pale penye nyama, ukitoe nje ya ngumi pole pole. Subiri. Vidole vingine vitafuata, ndipo uinue kifundo kurudi juu bila kupigana nacho. Baada ya kuoga maji ya uvuguvugu ni wakati mzuri. Akisikia maumivu, simama.

Na kama anavaa splinti usiku (kile kifaa kigumu cha kuushikilia mkono ukae umenyooka), kagua ngozi asubuhi. Alama nyekundu isiyofutika baada ya kama nusu saa ina maana inabana mahali, irudishwe irekebishwe. Usiibandike pamba ukaendelea.

Vifungo sasa, ambavyo najua ndivyo ulivyokuja kuuliza. Kitambaa chako cha mezani kinamtazama yeye. Kimetulia, kigumu, kiko mbele ya macho, na mikono ina nafasi. Shati lililo mwilini anatazama kutoka juu, kitambaa ni laini na kinakimbia, kiwiko hakina pa kwenda kwa sababu kiko kifuani, na kifungo cha juu hakionekani kabisa bila kioo. Ni kazi nyingine. Mtoto anayeweza ile si kwamba anakataa hii kwa ukaidi. Kwa hiyo achana na kitambaa, kimemaliza kazi yake. Chukua shati halisi, kubwa kidogo, kwanza likiwa mapajani mwake, halafu amevaa wazi juu ya fulana.

Anza kutoka mwisho. Wewe pitisha kifungo mpaka nusu yake itokeze upande wa pili wa tundu, yeye akivute kitoke. Basi, shati limefungwa na aliyelifunga ni yeye. Akilizoea hilo, wewe ingiza ukingo tu, yeye asukume na kuvuta. Mwisho wewe unabaki kumshikia kitambaa, halafu hata hicho unaacha. Anza na kifungo cha katikati au cha chini kidogo anachokiona vizuri. Cha shingoni kiwe cha mwisho kabisa, na hata kisipofungwa mwaka huu hakuna kitakachoharibika.

Mkono wa kushoto usiupe kazi ya kusukuma kifungo. Upe kazi ya kushika ukingo wenye tundu, utulie hapo. Huo ndio wajibu wake mara nyingi maishani: msaidizi anayeshikilia. Wazazi wengi wanataka mkono dhaifu ufanye kila kinachofanywa na ule mwingine, na mtoto anachoshwa bure. Ukiona mkono wa kushoto unazidi kujikunja wakati wa kulia unahangaika, kazi imekuwa ngumu mno kwa siku hiyo. Rahisisha hatua moja, wala usimkumbushe "legeza," hawezi kuutii mdomo wako.

Kuvaa: mkono dhaifu unaingia kwanza kwenye shati. Kuvua: mkono wenye nguvu unatoka kwanza. Mwambie na mama mkwe.

Karibu nisahau kiti. Kama anafanyia kazi kwenye meza yako ya fundi huku miguu inaning'inia, nusu ya nguvu zake zinaishia kwenye kujizuia asianguke. Miguu ikanyage kitu, hata sanduku, magoti na nyonga zikunjwe kama pembe mraba, na meza ifike usawa wa kiwiko au juu yake kidogo sana.

---

Bibi_Naikalia_Mikono alijibu:

Fundi mwanangu, mimi namtetea mama mkwe wako, maana naona hapa ametajwa mara mbili na hayupo kujisemea.

Nalea mjukuu, shida yake si hiyo ya mkono, yeye ni usonji, lakini kuvaa kulitutoa jasho vilevile. Bibi anayemvalisha mtoto kwa haraka asubuhi hapingi tiba. Anajua mtoto akichelewa nani ataulizwa. Umpe nafasi ya kufanya vingine bila kumfunga na karatasi ambayo hakuwepo ilipoelezwa. Mwambie kitu kimoja tu: "Mama, wewe mvalishe yote, kifungo kimoja tu mwachie nusu." Kifungo kimoja hakichelewishi shule. Na nendeni naye kliniki siku moja aone kwa macho yake. Mimi nilipoona jinsi yule dada wa kliniki anavyongoja bila kusema neno, nilielewa kuliko nilivyokuwa nikielezwa na mwanangu kila siku kwa sauti ya ualimu.

Kungoja ndiyo kazi. Jina langu hapa mnaliona. Mjukuu akianza kuhangaika na soksi, mimi nakaa juu ya mikono yangu, kweli kabisa, naikalia, kwa sababu isipokaliwa itakwenda yenyewe. Naimba moyoni ubeti mzima ndipo naruhusiwa kuuliza "nikusaidie?" Mara nyingi ubeti haujaisha soksi imeingia. Imeingia kisigino juu, lakini imeingia, na huendi kuirekebisha mbele yake.

Na msishangilie kila kitu. Watoto wana pua. Ukipiga makofi kwa kifungo anachokiweza tangu mwezi uliopita, anajua unamdanganya.

---

FundiSindano alijibu:

Shikamoo bibi. Na wengine wote asanteni, nimesoma na mke wangu, na mama mkwe amesomewa sehemu yake, amesema bibi huyo atafutwe apewe zawadi.

Kliniki tumewapigia. Mtaalamu wetu hakukasirika hata kidogo, aliuliza tu mbona hatukusema. Amebakiza mambo matatu: kuufungua mkono baada ya kuoga, shughuli moja ya mikono miwili kwa siku tunayochagua sisi, na shati. Jinsi ya kukunja kifundo kwanza amenionyesha kwa video, ni kama mlivyoeleza. Ngumi imefunguka bila vita, nikabaki naushangaa mkono, binti akaniambia "umeanza tena kuutazama."

Shati la shule nimelilaza mezani nikalitazama kwa jicho la kazi yangu. Vifungo vyake ni vya milimita 11, vyembamba, vimeshonwa vikalala kabisa kwenye kitambaa, na matundu yamebana. Hata mtu mzima mwenye mikono miwili anavifunga kwa mazoea tu. Naweza kuvitoa nikaweka vya milimita 15, vinene kidogo, na nikavishona kwa shingo: unaacha uzi uwe mrefu kati ya kifungo na kitambaa, unauzungushia uzi mwingine usimame. Kifungo cha hivyo kinasimama chenyewe kikisubiri kushikwa. Matundu nitayapanua yalingane na upana wa kifungo pamoja na unene wake. Vya mwisho wa mikono mirefu nitavishona kwa uzi wa mpira, vikae vimefungwa siku zote, mkono upite hivyo hivyo bila kufungua.

Ila nina wasiwasi. Nikirahisisha nguo, si ndiyo namnyima mazoezi? Mtaalamu mstaafu, nisaidie hapo.

Jingine, nimemuuliza anataka nini, kama nilivyoshauriwa. Nilidhani atasema baiskeli au kamba ya kuruka. Akasema anataka kukata kitambaa kama mimi. Kumbe mchana kutwa anakaa pale mlangoni ananiangalia nikikata, mimi nadhani anacheza na mdoli. Nianzie wapi? Naogopa mkasi.

---

TibaKazi_Mstaafu alijibu:

Rahisisha bila hofu. Lengo ni avae aende shule, kifungo ni njia tu. Shati la shule liwe jepesi kwa sababu analivaa mbele ya saa. Weka shati jingine la nyumbani lenye vifungo vya kawaida, hilo ndilo la kujaribia Jumamosi. Akiwa tayari utapunguza ukubwa wa vifungo vya shule, na wewe huhitaji kumlipa fundi. Kwa zipu, fungia pete au kitanzi cha utepe kwenye kishikio ili apitishe kidole, mkono wa kushoto ubane pindo la chini lisipande. Ile kazi ya kuunganisha ncha za zipu pale chini ifanye wewe kwa sasa.

Mkasi ni chaguo zuri kuliko lolote ambalo ningempa mimi, kwa sababu mkono wa kulia unakata na wa kushoto hauna budi kushika na kugeuza. Anza na mkasi wa watoto wenye ncha butu. Kata karatasi ngumu, kadi nene, iwe vipande virefu vyembamba kama upana wa vidole viwili, akate mara moja kipande kidondoke. Karatasi ngumu inajisimamia yenyewe, hivyo mkono wa kushoto hauhitaji nguvu nyingi kuishikilia. Kidole gumba cha mkono wenye mkasi kitazame juu. Akiweza kukata moja, panua kipande awe anahitaji kukata mbili, tatu, kisha mchoree mstari mnene ulionyooka, kisha unaopinda, ndipo mkono wa kushoto unapoanza kugeuza. Karatasi laini baadaye. Kitambaa mwisho kabisa, kinalegea na kukimbia hata kwa watu wazima, na ukifika huko kipige wanga kwanza ukipige pasi kiwe kigumu.

Usisahau sanduku la miguu. Na ukae pembeni yake, upande wa kushoto, si mbele yake kama mkaguzi.

---

MamaKelele alijibu:

Mpe meza yake ndogo karibu na yako, umpe na masalia ya kadi za vipimo unazotupa. Ila mkasi wako wa kitambaa uufiche juu kabisa, fundi. Akiukatia karatasi hata siku moja, atakayesingizia mdoli kuumwa ni wewe.